Shamba la Nabothi na Wakili kutoka Bermuda

Katika mahubiri yetu wanasheria hawana bahati. Tukifika Luka 11, pale Bwana Yesu anapowaambia wanasheria ole wao, sauti zetu hupanda kidogo, na washarika hugeuka kuwatazama wale wawili watatu wanaojulikana kuwa mawakili mjini. Sisi Walutheri tumerithi pia mzaha wa nyumbani. Martin Luther alianza kusoma sheria mwaka 1505 kwa kumtii baba yake, akaiacha mwaka huohuo baada ya radi kumtisha karibu na Stotternheim, akaingia monasteri. Mwaka 1520 alichoma moto vitabu vya sheria za Kanisa nje ya lango la Wittenberg, pamoja na hati ya Papa. Na ule msemo wa Wajerumani kwamba mwanasheria ni Mkristo mbaya aliutumia bila kujizuia.

Lakini Luther huyohuyo, mwaka 1530, katika hotuba yake ndefu ya kuwahimiza wazazi wawapeleke watoto shuleni, alimpa mwanasheria mwema sifa kubwa. Alimwona kuwa mtu anayelinda amani ya mji kwa akili mahali ambapo wengine wangetumia ngumi, na akawataka wazazi wasione hasara kumtoa mtoto wao kwa kazi hiyo. Mwaka huohuo Ungamo la Augsburg, katika kifungu cha 16, likakiri kwamba Mkristo aweza kushika kazi ya serikali, kuketi kama hakimu na kuamua mambo kwa sheria za nchi, bila kutenda dhambi. Vyuo vyetu vya theolojia hukifundisha kifungu hicho, mara nyingi kwa mifano ya Ujerumani. Tunao mfano wa karibu zaidi. Ulitokea kwenye miteremko ya mlima ambao sisi tuliosoma Makumira tuliutazama kila asubuhi tukienda ibadani.

Ili tuuelewe inabidi tuanzie Akeri, ambako si mbali na Makumira. Hapo, Oktoba 1896, wamisionari wawili wa Misioni ya Leipzig, Ewald Ovir na Karl Segebrock, waliuawa usiku pamoja na baadhi ya Wachaga waliofuatana nao. Tumezoea kuwakumbuka kama mashahidi wa imani katika Meru, na ni haki wakumbukwe. Ila habari yao haiishii kaburini. Kapteni Johannes, aliyekuwa mkuu wa Wajerumani huko Moshi, alikuja na askari kulipiza kisasi. Watu waliuawa, ng'ombe wakachukuliwa, migomba ikakatwa. Mwaka 1900 viongozi wa Wachaga, Wameru na Waarusha walinyongwa Moshi, Mangi Meli akiwa miongoni mwao. Misioni ilirudi na kujenga Nkoaranga mwaka 1902, Injili ikaota mizizi. Lakini katika miaka hiyohiyo serikali ya Wajerumani ilianza kugawa ardhi ya chini ya mlima kwa walowezi, wakiwamo Makaburu kutoka Afrika Kusini, hata Wameru wakajikuta wamezungukwa na pete ya mashamba ya Wazungu: juu msitu wa serikali, chini mashamba ya kigeni, na wao katikati.

Tunaloona hapa ni gumu kwa kanisa lolote lililozaliwa kwa misioni. Damu ya watu wetu wawili iligeuzwa kuwa sababu ya kisasi, na kisasi kikafungua njia ya kunyang'anya ardhi. Ovir na Segebrock hawakuomba hayo. Hata hivyo, anayehubiri juu ya Akeri akakomea kwenye ushujaa wao amesimulia nusu ya habari, na nusu ile nyingine ndiyo Wameru waliyoibeba mwilini.

Vita vya kwanza vilipokwisha Waingereza walichukua nchi. Mwaka 1923 walitunga Sheria ya Ardhi iliyosema kwamba ardhi yote ya Tanganyika ni ya umma na iko chini ya mamlaka ya Gavana. Maneno hayo yalionekana kama ulinzi, na mara nyingine yalilinda kweli. Lakini maana yake kwa mkulima wa Meru ilikuwa kwamba shamba la babu yake halikuwa na karatasi, na Gavana alikuwa na kalamu.

Baada ya Vita Kuu ya Pili serikali iliunda tume ya mtu mmoja, Jaji Mark Wilson, ichunguze uhaba wa ardhi katika wilaya za Arusha na Moshi. Tume hiyo ilianzishwa kwa sababu Waafrika walikuwa wamebanwa, na baadhi ya mapendekezo yake yalikuwa kuwarudishia mashamba fulani. Ndani ya ripoti hiyohiyo, iliyotoka mwaka 1947, likawamo pendekezo lingine: eneo lililo kati ya Meru na Kilimanjaro lifanywe ukanda mmoja wa Wazungu wa kufuga ng'ombe, na Wameru walioko Ngare Nanyuki watoke. Ngare Nanyuki, maji mekundu kwa Kimaasai, iko upande wa kaskazini mashariki wa mlima. Wameru walikuwa wakilisha na kulima huko, na sehemu ya ardhi hiyo walikuwa wameirudisha mikononi mwao kwa kuilipia. Waliambiwa wahamie King'ori. Wao walikujua King'ori: mvua haba na magonjwa ya mifugo. Walikataa.

Serikali ikaahidi fidia. Walikataa fidia pia.

Msomaji wa Biblia ameshatambua tuko wapi. Katika 1 Wafalme 21 mfalme Ahabu hakuanza kwa ukatili. Alianza kwa ofa. Alimwambia Nabothi atampa shamba zuri zaidi mahali pengine, au fedha, achague mwenyewe. Nabothi alikataa kwa sababu shamba lile lilikuwa urithi wa baba zake, na urithi hauna bei. Tukisoma kwa haraka tunakimbilia mawe yaliyomwua Nabothi na mbwa waliomla Yezebeli. Tukisoma taratibu tunaona jambo la kutisha zaidi: Yezebeli alifuata utaratibu. Aliandika barua, akazitia muhuri wa mfalme, akaitisha wazee wa mji, akaweka mashahidi wawili kama torati inavyotaka, kikao kikakaa, hukumu ikatolewa. Kila kitu kilikuwa na karatasi yake. Dhuluma ya Yezreeli ilipita mahakamani.

Ya Ngare Nanyuki ilipita kwenye tume, kwenye sheria na kwenye tangazo la serikali. Tarehe 17 Novemba 1951, chini ya Gavana Edward Twining, polisi walianza kuwahamisha watu kwa nguvu. Watu wapatao 3,000 waliondolewa. Nyumba zilibomolewa na kuchomwa, vyakula vikaharibika, mifugo mingi ikafa njiani na huko ilikopelekwa. Haya yote yalifanyika ili kupisha mashamba 13 ya Wazungu. Tukigawa hesabu hiyo tunapata zaidi ya watu 200 waliotolewa kwa ajili ya kila mlowezi mmoja, na walowezi wenyewe wengine walikuwa hawajapatikana.

Wameru hawakurusha mishale. Walikuwa na sababu ya kurusha, na nchi jirani ya Kenya mwaka uliofuata iliingia katika hali ya hatari kwa ugomvi huohuo wa ardhi. Wao waliunda chama cha raia wa Meru, wakachanga fedha, shilingi kwa shilingi, wanaume na wanawake, na wakatafuta wakili.

Wakili waliyempata alikuwa Moshi. Aliitwa Earle Seaton. Alizaliwa Bermuda mwaka 1924, kisiwa kidogo cha Waingereza katika Bahari ya Atlantiki, akasoma Chuo Kikuu cha Howard huko Washington, chuo cha Wamarekani weusi, kisha akasomea sheria London. Mke wake, Alberta, Mmarekani mweusi kutoka Houston, alikuwa mwanasayansi aliyepata udaktari wake Brussels mwaka 1949. Vijana wa namna hiyo wangeweza kukaa mahali penye maisha mepesi zaidi. Seaton akafungua kazi ya uwakili katika mji wa kahawa chini ya Kilimanjaro, akawa miongoni mwa mawakili weusi wa kwanza Tanganyika. Siku hizo mawakili walikuwa Wazungu na Wahindi. Hata uhuru ulipofika mwaka 1961, mawakili wazalendo wenye asili ya Kiafrika walihesabika kwa vidole, na ndiyo maana chuo kikuu cha Dar es Salaam kilipofunguliwa mwaka huo kilianza na kitivo cha sheria.

Hatumwiti Seaton hapa kama mtakatifu wa Kilutheri. Dhehebu lake si hoja yetu. Ungamo la Augsburg linaposema kazi ya kuhukumu na kutetea kwa sheria ni kazi njema ya Mungu, halisemi ni njema pale tu inapofanywa na mtu wa usharika wetu. Mungu ana mikono mingi katika utawala wake wa dunia, na mingine hatuijui kwa majina ya ubatizo.

Kazi yake ya kwanza ilikuwa kujua mlango wa kugonga. Hapa ndipo elimu inapoonyesha faida yake. Kwa sheria ya 1923, mtu aliyeidai Ngare Nanyuki mbele ya serikali ya Tanganyika alikuwa akimdai Gavana kitu ambacho sheria ya nchi ilimpa Gavana. Lakini Tanganyika haikuwa koloni kama Kenya. Ilikuwa nchi ya udhamini. Waingereza waliipokea kwanza kutoka Shirikisho la Mataifa, na tangu Desemba 1946 waliishika kwa mkataba na Umoja wa Mataifa. Mkataba huo, katika kifungu cha 8, uliwataka watunge sheria za ardhi kwa kuzingatia mila za wenyeji, waheshimu haki zao na walinde maslahi yao, ya wakati ule na ya baadaye. Na Katiba ya Umoja wa Mataifa, katika kifungu cha 87, ililipa Baraza la Udhamini uwezo wa kupokea malalamiko ya watu wa nchi hizo. Waingereza walikuwa wametia sahihi. Kazi ilikuwa kuwasomea sahihi yao.

Wameru walikuwa tayari wamepeleka kilio chao kwa ujumbe wa Umoja wa Mataifa uliotembelea Tanganyika mwaka 1951. Serikali haikungoja jibu la New York. Iliwahamisha watu kabla. Basi ikaamuliwa mtu aende mwenyewe. Wameru walimchagua Kirilo Japhet.

Mtu aliyesoma Matendo ya Mitume anajua safari ya aina hii. Paulo alipokuwa Filipi alikataa kutolewa gerezani kimyakimya. Aliwataka waliompiga bila hukumu waje wenyewe, kwa kuwa yeye ni raia wa Rumi. Na huko Kaisaria, alipoona kwamba mahakama ya Yerusalemu itakuwa mtego, alikata rufani kwa Kaisari. Wapo wanaohubiri kwamba Mkristo wa kweli hudhulumiwa akanyamaza, wakimtaja Paulo wa 1 Wakorintho 6 anayewakemea ndugu kwa kushtakiana mbele ya wasioamini. Mlango ule unahusu ndugu kwa ndugu ndani ya kanisa, na kanisa letu, kwa kesi zake za viwanja na za dayosisi, lingefanya vema kuurudia. Lakini Paulo hakuutumia kumkataza mnyonge kumjibu mwenye nguvu. Mbele ya Festo alizungumza lugha ya sheria ya Festo.

Katikati ya mwaka 1952 Kirilo Japhet alisimama mbele ya Baraza la Udhamini mjini New York. Alikuwa Mtanganyika wa kwanza kusikilizwa hapo. Alizungumza Kiswahili, na Seaton, wakili wake, akawa mkalimani.

Tunapenda kukaa kidogo kwenye jambo hilo la ukalimani, maana lina theolojia ndani yake. Yohana alipotaka kueleza kazi ya Roho Mtakatifu alitumia neno la Kigiriki lililokuwa likitumika pia mahakamani: mtu aliyeitwa asimame kando ya mshtakiwa. Biblia yetu ya Kiswahili imelifasiri Msaidizi katika Injili yake, na neno lilelile likawa Mwombezi katika Waraka wake wa kwanza, likimhusu Kristo. Neno la karibu na lile la Kigiriki lingekuwa wakili. Sababu za kuliacha tunazielewa. Wakili kwetu ana sifa ya ada kubwa na maneno mengi. Ila tumepoteza kitu. Yule wa Yohana husimama kando. Aliyeshtakiwa yupo palepale, anaonekana, na jambo linabaki kuwa lake.

Ingekuwa rahisi Seaton aseme yote peke yake. Alikuwa na Kiingereza cha mahakama, alijua vifungu, na wajumbe wa baraza lile walikuwa wamezoea watu wa namna yake. Kirilo angeketi nyuma kama kielelezo. Badala yake mtu wa Meru alieleza kwa lugha ya nchi yake jinsi nyumba zilivyochomwa, na msomi wa sheria akawa mfereji wa sauti hiyo. Katika utetezi wa wanyonge jaribu kubwa kuliko woga ni kuwanyang'anya wanyonge kinywa chao ukidai unawasemea. Makanisa na mashirika ya misaada yanalijua jaribu hilo vizuri.

Waingereza walijibu. Walisema mpango ule ulikuwa kwa manufaa ya nchi nzima: nyama na maziwa, kudhibiti magonjwa ya mifugo, ufugaji wa kisasa. Walisema Wameru wangepata ardhi nyingine zaidi ya waliyopoteza. Hoja hizi hazikuwa za kijinga, na tusizisome kana kwamba zilitungwa na mashetani. Hivyo ndivyo mipango ya maendeleo inavyosemwa hata leo, na mara nyingine na watu wenye nia njema. Kilichokosekana katika hesabu yao ni ridhaa ya mwenye shamba.

Baraza la Udhamini lilionyesha masikitiko kwa yaliyotendeka, lakini halikuamuru ardhi irudishwe. Mwisho wa mwaka 1952 jambo lilifika mbele ya Baraza Kuu. Kamati ya Nne, ambamo mataifa mapya yaliyotoka utumwani yalikuwa na sauti, ilipitisha pendekezo kwamba Wameru warudishiwe ardhi yao. Lilipopelekwa kwenye kikao cha Baraza Kuu lenyewe halikupata theluthi mbili za kura zilizotakiwa. Likaanguka.

Kwa hiyo kesi ilishindwa. Wameru walichanga, wakatuma mtu upande wa pili wa dunia, wakasikilizwa kwa heshima, na Ngare Nanyuki ikabaki na walowezi. Tusiharakishe kulivisha jambo hili nguo ya ushindi. Aliyelala nje na watoto wakati wa mvua za mwaka 1951 hakujengewa nyumba na kumbukumbu za kikao.

Hata hivyo Kirilo alirudi, akaeleza aliyoyaona, na habari ikatoka nje ya Meru. Walioisikiliza kwa makini ni pamoja na watu wa TAA, chama ambacho mwaka 1954 kiligeuka kuwa TANU. Walikuwa wamejifunza kwamba mlango upo, na kwamba Mwafrika wa Tanganyika akiugonga hufunguliwa na kusikilizwa. Machi 1955 Julius Nyerere alisimama mbele ya baraza lilelile, akizungumzia nchi nzima. Kirilo mwenyewe akawa kiongozi wa TANU upande wa kaskazini. Tunaposimulia habari za uhuru katika shule zetu tunaanzia mara nyingi mwaka 1954, na Wameru wanastahili miaka miwili ya nyuma.

Seaton naye hakufunga jalada akarudi kwao. Nchi ilipopata uhuru alikuwa jaji wa Mahakama Kuu, kisha mshauri wa sheria wa serikali katika mambo ya nje. Mwalimu Nyerere alikuwa amesema mapema kwamba Tanganyika huru haitafungwa moja kwa moja na mikataba ambayo Waingereza waliisaini kwa niaba yake. Itaipitia kwa muda wa miaka miwili, ichague. Kazi ya kuipitia mikataba hiyo ni kazi kavu ya mezani, isiyopigiwa makofi na mtu. Mwaka 1973 Seaton na S. T. Maliti walitoa kitabu juu ya jinsi Tanzania inavyoshughulika na mikataba. Wito wa mwanasheria katika nchi changa ulikuwa zaidi huo kuliko ule wa New York: kukaa na makaratasi hadi usiku ili nchi isijikute imefungwa na neno ambalo haikulisema.

Baadaye akawa jaji kwao Bermuda, akawa Jaji Mkuu wa Shelisheli, na mwishoni akakaa katika Mahakama ya Juu ya Uganda. Huko Shelisheli alikutana na kesi ambayo mchungaji haisomi kwa moyo mwepesi. Novemba 1981 mamluki walioongozwa na Mike Hoare walishuka katika uwanja wa ndege wa Mahé wakiwa na silaha ndani ya mizigo, wakitaka kumpindua Rais France-Albert René. Walishindwa, wengi walikimbia kwa ndege waliyoiteka, wachache wakakamatwa. Mwaka 1982 Jaji Mkuu Seaton aliwahukumu wanne kati yao adhabu ya kifo kwa uhaini. Mwaka uliofuata Rais aliwasamehe, wakaenda zao.

Wapo watakaosema aliyewatetea wasio na nguvu alimalizia kuhukumu kwa upanga chini ya serikali ya chama kimoja. Sisi hatuoni kwamba habari hiyo inafuta ile ya Meru, wala hatuoni sababu ya kuificha. Anayeingia katika utumishi wa sheria anaingia katika mzigo wake wote. Warumi 13 inataja upanga, na Kanisa halijawahi kuwa na amani kamili na mstari huo. Tunafurahi msamaha wa Rais ulikuja, na tunajua pia kwamba wale watu walikuja na bunduki kwenye kisiwa ambacho hakikuwa chao. Mtume aliyeandika habari za upanga alikufa kwa huohuo, kama mapokeo ya kale yanavyosema.

Katika sharika zetu leo wapo mawakili, mahakimu, na vijana wanaosomea sheria. Tunawakumbuka wakati wa harambee, na tunawakumbuka mwenye kiwanja cha jirani anaposogeza uzio kwenye eneo la kanisa. Wakati huohuo wajane huja katika ofisi za wachungaji wakiwa wameshika karatasi ya baraza la ardhi, yenye tarehe ya kufika na mstari mdogo unaosema ukikosa kufika shauri litaamuliwa bila wewe. Wanaombewa, na kuombewa ni vema. Ila mstari ule mdogo unahitaji mtu wa kuusoma kabla ya tarehe, na mara nyingi mtu huyo ameketi safu ya tatu kila Jumapili na hajawahi kuulizwa. Eliya alitumwa kwa Ahabu baada ya Nabothi kuuawa. Hatusomi popote kwamba kabla ya hapo, wazee wa Yezreeli walipoketi, alipatikana hata mmoja wa kuuliza mashahidi wale wawili maswali.

Ngare Nanyuki ilirudi mikononi mwa Wameru, ingawa si kwa azimio la New York. Walowezi wengi walishindwa kuifanya ilipe, utawala uliowaweka ukaondoka, na wenyeji wakarudi kwenye maji yao mekundu. Mwaka 1967, mwaka wa Azimio la Arusha, East African Publishing House ya Nairobi ilichapisha kitabu chembamba kwa Kiingereza juu ya kesi hiyo, The Meru Land Case. Kiliandikwa na wawili. Jina la kwanza juu ya jalada ni la Kirilo Japhet, na la wakili wake linafuata.